Kahawa, Chai na Suala la Madhara: Kutoka Makka ya Mwaka 917 Hadi Tarime

 

Ndugu msomaji, makala hii imeanzia kwenye kosa langu mwenyewe, na ni bora nilitaje mapema kuliko kulificha katikati ya maneno ya vitabu. Miaka michache iliyopita, baada ya sala ya Alfajiri katika msikiti mmoja wa wilaya ya Tarime, alinijia mzee mmoja mkulima wa kahawa. Mke wa mwanawe alikuwa mjamzito, mimba ya miezi sita. Muuguzi wa kliniki alimwambia yule binti kwamba damu yake ni pungufu, basi aache kunywa chai pamoja na chakula, na akitaka chai ainywe mbali na chakula. Mzee akaniuliza: "Maalim, chai imeharamishwa lini?"

Nikacheka. Nikamwambia kwamba chai ni halali, kwamba asili ya vitu ni uhalali mpaka ije dalili ya kuharamisha, na dalili hiyo haipo. Mzee akashukuru, akaondoka ameridhika. Alipofika nyumbani jibu langu likawa ndilo jibu la muuguzi: sheikh amesema ni halali, mambo yamekwisha. Yule binti akaendelea na chai ya maziwa asubuhi kwa mihogo, chai mchana juu ya ugali, na chai tena usiku. Mimba ilipofika miezi minane alikuwa hawezi kupanda kile kilima cha nyumbani kwao bila kupumzika mara tatu. Alipelekwa hospitali akaongezewa damu. Alhamdulillah, Allah alimnusuru yeye na mwanawe.

Sisemi kwamba ni chai peke yake iliyomfikisha pale. Malaria ipo, minyoo ipo, na nyama kwake haikuwa chakula cha kila siku. Lakini niliulizwa swali la madhara nikajibu swali la uhalali, na haya ni maswali mawili. Nilipokwenda kumtazama, nikarudi nyumbani na kufungua vitabu, niliona kwamba wanavyuoni wetu walikwishapita njia hii, si kwa chai bali kwa kahawa, miaka mia tano iliyopita. Na waliojikwaa wakati ule walijikwaa kwa kuyachanganya maswali hayo hayo mawili, ingawa wao waliyachanganya kwa upande wa pili.

KINYWAJI KILICHOTOKA UPANDE WETU

Ni vizuri vijana wetu wajue kwamba kahawa haikuja kwetu kutoka Ulaya. Mti wake asili yake ni misitu ya Uhabeshi, na wa kwanza kuandikiwa habari za kuinywa kwa namna tunayoijua ni watu wa Yemen, wa njia ya tasawuf. Sheikh Abdul-Qadir al-Jaziri, mwanachuoni wa madhehebu ya Hanbali, aliandika katika karne ya 10 ya Hijra kitabu kizima cha kutetea uhalali wa kahawa, nacho kinaitwa Umdatus-Safwa. Anapokea humo kwamba faqihi wa Aden, Sheikh Muhammad bin Said adh-Dhabhani, aliyefariki mwaka 875 Hijria (1470), alisafiri kwenda Barr al-Ajam, yaani pwani ya Afrika iliyo mkabala na Yemen, akawakuta watu wanaitumia kahawa. Aliporudi Aden akaugua, akaikumbuka, akainywa, akaona inaondoa uzito wa mwili na usingizi. Kutoka kwake ikaenea kwa masufi waliokuwa wakiinywa usiku ili wapate nguvu ya dhikri, chombo kikizungushwa kutoka mtu hadi mtu huku wakimtaja Allah.

Kwa hiyo mwanzo wake katika Uislamu ni ibada ya usiku. Leo tunainywa baada ya Isha, tunakesha kwa mazungumzo ya siasa na mpira, kisha Alfajiri inatupita kitandani. Hilo nalipitia tu, sina la kuongeza.

Jina lenyewe lilileta utata. Neno qahwa katika Kiarabu cha zamani lilikuwa mojawapo ya majina ya pombe, na watu wa lugha wanasema limetokana na maana ya kitu kinachomfanya mtu asitamani chakula. Kinywaji kipya kilipochukua jina la zamani, baadhi ya watu walikisia hukumu kutokana na jina. Mwanafunzi wa usuli anajua kwamba jina halihamishi hukumu kama kilichomo ndani ya chombo si kile kile. Lakini watu wengi si wanafunzi wa usuli.

MAKKA, MWAKA 917

Mwaka 917 Hijria (1511) msimamizi wa hisba wa Makka alikuwa Kha'ir Beg, aliyewekwa na utawala wa Mamluk wa Misri. Usiku mmoja, akitoka kwenye Msikiti Mtukufu, aliona kundi la watu pembeni na taa zao, wanazungushiana kinywaji. Walipomwona wakazima taa. Akauliza, akaambiwa ni kahawa, na kwamba imeenea Makka na inauzwa mahali panapofanana na vilabu vya ulevi. Kesho yake akawakusanya makadhi na wanavyuoni wa mji.

Hapa ndugu msomaji tusimame kidogo, kwa sababu kikao hiki kina mafunzo kuliko vita vingi tunavyovisimulia mimbarini.

Wanavyuoni waliohudhuria walikubaliana haraka kwamba mikusanyiko ya namna ile, ikiwa ndani yake kuna maovu, ni ya kuzuiwa. Lakini kuhusu kahawa yenyewe walisema kauli iliyo sawasawa kabisa: asili yake ni mmea, na asili ya mimea ni uhalali, kama ina madhara kwa mwili au akili, waulizwe matabibu. Hadi hapo hakuna kosa. Swali la uhalali limejibiwa kwa dalili, na swali la madhara limepelekwa kwa wenye elimu yake.

Kosa likaja baadaye. Kha'ir Beg akawaleta ndugu wawili matabibu wa asili ya Kiajemi, maarufu kwa jina la al-Kazaruni. Wao wakatoa kauli kwa mujibu wa tiba ya wakati ule, iliyogawa vitu katika umoto na ubaridi, unyevu na ukavu: kahawa, wakasema, ni baridi na kavu, nayo inaharibu mwili ulio sawa. Mmoja wa waliohudhuria akawapinga kwa kitabu cha tiba kinachotambulika, kinachoitaja buni kwa sifa nyingine, nao wakajibu kwamba buni inayotajwa humo si hii. Hawakumpima mtu yeyote. Hawakuwatazama wanywaji mmoja mmoja. Kisha wakatokea watu waliosema kwamba waliinywa na akili zao zikabadilika. Mmoja akashuhudia kwamba inalewesha kama pombe. Watu wakacheka, kwa kuwa hakuna awezaye kulinganisha ila aliyewahi kuionja hiyo pombe. Akabanwa, akakiri, akapigwa viboko vya hadi.

Mufti mmoja wa Kishafii wa Makka alikataa kuingia katika uharamishaji ule, akavumilia maneno mazito kutoka kwa wenziwe. Kahawa ikapigwa marufuku, shehena zikachomwa, wauzaji na wanywaji wakaadhibiwa. Waraka ukaandikwa kwenda Cairo kwa Sultani Qansuh al-Ghuri. Majibu yalipokuja hayakuwa kama alivyotaka Kha'ir Beg: yalikataza mikutano ya maovu, lakini hayakuharamisha kinywaji. Mwaka uliofuata Kha'ir Beg akaondolewa kazini, na watu wa Makka wakarudi kuinywa hadharani.

Tazama alivyofanya. Alikuwa na uamuzi moyoni kabla ya kuuliza, akawaita matabibu ili wautie muhuri, kisha akachukua kauli yao ya madhara, nayo haikuwa imethibitika, akaigeuza kuwa uharamu kwa watu wote, wazima na wagonjwa, Makka nzima.

CAIRO NA BAADA YAKE

Ugomvi haukuishia pale. Huko Cairo kahawa ilikuwa imeingia kwanza katika mtaa wa Wayemeni karibu na Al-Azhar, kwa wanafunzi na watu wa dhikri. Katika miaka ya 940 ya Hijra mhubiri maarufu, Ahmad bin Abdil-Haqq as-Sunbati, aliiharamisha juu ya mimbari, na mwaka 941 (1534) maneno ya namna hiyo yalisababisha watu kuvamia nyumba za kahawa, kuvunja vyombo na kuwapiga wanywaji. Mji ukagawanyika makundi mawili.

Jambo likafikishwa kwa kadhi Muhammad bin Ilyas al-Hanafi. Naye alifanya kile ambacho kikao cha Makka hakikukifanya. Aliwaita wanywaji nyumbani kwake, akaamuru kahawa ipikwe, wakanywa mbele yake, akakaa nao sehemu kubwa ya siku akizungumza nao na kuwachunguza. Hakuona mabadiliko katika akili zao. Akaithibitisha kuwa halali. Mimi kila nikisoma habari hii namwona kadhi huyu kuwa na adabu ya pekee. Alikuwa na mamlaka ya kutamka, lakini alianza kwa kutazama.

Kuhusu Istanbul nitasema machache. Kahawa ilifika huko katikati ya karne ya 10 Hijria, nyumba za kahawa zikajaa, na mwaka 1633 Sultani Murad wa Nne akazifunga kwa ukali mkubwa pamoja na kupiga marufuku tumbaku. Waandishi wa tarehe wanaona kwamba khofu yake kubwa ilikuwa yanayozungumzwa humo kuhusu serikali. Hiyo ni siasa, haituhusu leo.

Kwa upande wa madhehebu yetu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wa Afrika Mashariki, Ibn Hajar al-Haytami, aliyeishi Makka na kufariki mwaka 974 (1567), yumo miongoni mwa walioihalalisha. Vitabu vyake, hasa Tuhfa, vimekuwa tegemeo la masheikh wetu kuanzia Lamu hadi Kilwa. Ndiyo maana kahawa ilipofika kwetu haikukuta vita. Ilikuta mdila juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mikono, kashata au tende pembeni, na wazee barazani. Na Bukoba, ng'ambo ya ziwa letu, Wahaya walikuwa na buni yao kabla ya mkoloni: waliichemsha na majani, wakaikausha, wakaitafuna na kumkaribishia mgeni. Hakuna aliyewahi kulewa kwa kutafuna buni ya Bukoba.

TUNAOLIMA KAHAWA NA KUNYWA CHAI

Sasa turudi Tarime na Serengeti. Hapa kuna jambo la ajabu. Nyanda za juu za Tarime, kwa Wakurya, hulima kahawa aina ya arabika, na Serengeti nako ipo kwa kiasi kidogo. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Sirari, mpakani kabisa, na chama kikuu cha ushirika WAMACU kinajulikana kwa kila mkulima. Magendo ya kahawa kuvuka mpaka kwenda Kenya ni habari ya miaka mingi. Lakini ingia nyumba kumi za wakulima wa kahawa asubuhi, utapewa chai katika nyumba kumi. Kahawa ni ada ya shule na bati la paa. Ya kunywa ni chai, nayo huwa nyingi, nzito, ya maziwa, sukari vijiko vinne au vitano, imetoka kwenye chupa inayohifadhi joto tangu alfajiri.

Chai kwetu ni mgeni wa juzi. Wajerumani waliijaribu Amani, Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakaipanua Mufindi na kwingineko. Kwa watu wa Mara mashamba yaliyo karibu zaidi ni ya upande wa Kenya, Kisii na Kericho. Kwa kuwa ilifika wakati ugomvi wa kahawa umekwisha, chai haikujadiliwa na mtu. Ilipita katika mlango uliokwishafunguliwa. Na hapo ndipo penye shida: wazee wetu walirithi jibu la uhalali, wakaacha njiani ile nusu ya pili ya kikao cha Makka, kwamba suala la madhara huulizwa matabibu.

Je, matabibu wanasema nini? Nitataja yale ambayo nimeyahakikisha, na nitaanza na lile lililompata binti wa yule mzee.

Chai ina kitu kinachoipa ule ukakasi ulimini, jamii ya tanini. Kitu hicho hushikamana na madini ya chuma yaliyomo katika chakula, hasa chuma kitokacho kwenye nafaka, maharage na mboga, na kukizuia kisiingie mwilini. Jaribio lililochapishwa mwaka 1983 lilionyesha kwamba kikombe cha chai pamoja na chakula kilipunguza chuma kinachofyonzwa kwa asilimia 64, na kikombe cha kahawa kwa asilimia 39. Kahawa ile iliponywewa saa moja kabla ya kula haikupunguza kitu. Iliponywewa saa moja baada ya kula ilizuia sawasawa na iliyonywewa pamoja na chakula. Na kuongeza maziwa hakuondoi zuio hilo kwa kiasi cha kutegemewa.

Kwa mtu anayekula nyama ya kutosha hili si jambo kubwa. Kwa mama mjamzito anayekula ugali na mboga za majani, ni jambo kubwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 uliwakuta asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wa umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu, na watoto wa chini ya miaka mitano asilimia 58. Kisha fikiria mama aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki, naye anavimeza kwa kikombe cha chai. Nimewaona kwa macho yangu. Muuguzi hakusema chai ni haramu. Alisema iwekwe mbali na chakula na mbali na vidonge, na mahali pake liwekwe chungwa, pera au limau, kwa sababu matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini.

La pili ni joto. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiondoa kahawa katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa kuleta saratani, alikokuwa ameiweka mwaka 1991. Lakini wakati huo huo likasema kwamba kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa moto sana, zaidi ya nyuzi joto 65, huenda kikasababisha saratani ya koo la chakula. Tatizo si jani wala punje, ni moto wenyewe. Na sisi tunaishi ndani ya ukanda wa mashariki mwa Afrika, kuanzia Uhabeshi kupita Kenya na Tanzania hadi Malawi na kusini zaidi, ambako saratani hiyo ni nyingi kuliko kawaida. Watafiti waliokwenda Kilimanjaro na vipimajoto, wakachapisha matokeo mwaka 2015, waliwakuta watu wanaanza kunywa chai yao ikiwa na wastani wa nyuzi zaidi ya 70, na wanywaji wa chai ya maziwa waliinywa ikiwa moto kuliko wa chai ya rangi. Saratani hiyo ina sababu nyingine pia, zikiwemo pombe na tumbaku, na wataalamu bado wanachunguza. Lakini nani katika sisi hajawahi kusikia mtu wa baridi ya Tarime akijisifu kwamba yeye hunywa chai ikiwa bado inachemka?

Wala hapa hatukuhitaji kungoja kipimajoto. Katika Musnad ya Imam Ahmad imepokewa kwamba Bibi Asma binti Abi Bakr (R.A.) alipopika tharidi alikuwa akiifunika mpaka ule mchemko wake uishe, akieleza kwamba alimsikia Mtume (S.A.W.) akisema kwamba kufanya hivyo kunazidisha baraka. Na katika hadithi ya Ibn Abbas (R.A.) aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) amekataza kupuliza ndani ya chombo. Ukiziweka pamoja utaona njia iliyobaki ni moja tu: kusubiri. Mimina chai, soma nyiradi zako za asubuhi, kisha unywe.

La tatu ni kile kinachochangamsha, yaani kafeini. Mtu mzima mwenye afya hapati tatizo kwa vikombe vitatu au vinne vya kahawa kwa siku, na tafiti nyingi zimewakuta wanywaji wa wastani wakiwa na maradhi machache ya ini na kisukari kuliko wasiokunywa. Hili ni lazima lisemwe, maana tabibu mwadilifu husema manufaa pia. Lakini nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa muda wa kama saa tano, na kwa mjamzito hukaa zaidi, ndiyo maana anashauriwa asivuke nusu ya kiasi cha wengine. Wale wanaoumwa kichwa siku za mwanzo za Ramadhani, mara nyingi si njaa, ni mwili unadai kikombe chake cha asubuhi. Mwenye kuijua hali hiyo apunguze kidogo kidogo tangu Shaaban. Na vile vijiko vitano vya sukari, ukizidisha kwa vikombe vinne kwa siku, vina shari kuliko chai yenyewe.

KAULI YA TABIBU INA UZITO GANI?

Yule mzee, baada ya mkwewe kutoka hospitali, nilimwendea nyumbani nikamwomba radhi. Mbele ya wanawe akaniuliza swali lililo zuri kuliko la kwanza: "Sasa maalim, muuguzi anaweza kumzuia mtu kitu alichokihalalisha Mungu?"

Nilimjibu kwa mlango wa tayammum, ambao yeye mwenyewe anaujua. Wudhu ni faradhi kwa ajili ya sala. Hata hivyo mafaqihi wetu wamesema kwamba mgonjwa akiambiwa na tabibu mwadilifu kwamba maji yatamzidishia ugonjwa au yatachelewesha kupona, huacha maji na kutayamamu, na sala yake ni sahihi. Ikiwa neno la tabibu linamwondoa mtu katika maji ya faradhi, litashindwaje kumwondoa katika kikombe kilicho mubaha tu? Na mafaqihi wa Kishafii walipojadili kula udongo, walisema ni haramu kwa yule ambaye unamdhuru. Angalia neno lao: kwa yule ambaye. Hukumu imefuata mwili wa mtu. Kitu kile kile kinaweza kuwa mubaha kwa Zaidi, makuruhu kwa Amri, na haramu kwa mama fulani katika miezi yake tisa, wala sheria haijabadilika. (Udongo wenyewe nimeutaja kwa makusudi. Baadhi ya wajawazito wetu huununua sokoni na kuula, nao pia ni miongoni mwa mambo ya kuulizwa kliniki.)

Kha'ir Beg alichukua dai la madhara akalifanya uharamu kwa wote. Mimi nilichukua uhalali wa wote nikaufanya ushahidi kwamba hakuna madhara kwa mmoja. Yeye alichoma magunia ya buni, nami nilimnyamazisha muuguzi. Ningekuwa na adabu ya kadhi Ibn Ilyas ningeuliza kwanza: ni mama wa aina gani, anakula nini, damu yake imepimwa ikaonekana ngapi?

Ninachowaomba maimamu wenzangu wa Tarime, Mugumu na vijiji vya Serengeti, ambako Waislamu si wengi na neno la sheikh mmoja hufika mbali, ni hiki. Likija swali la chakula au kinywaji lililotokea kliniki, tusilijibu kwa neno moja msikitini. Tuulize muuguzi alisema nini hasa. Mara nyingi muulizaji ameleta nusu ya maneno. Ikiwezekana tumwite muuguzi mwenyewe katika darsa za akina mama, kama tunavyomwita mtaalamu wa mirathi. Msikiti mmoja niujuao umeanza kufanya hivyo, na darsa ile hujaa.

Kwa yule mzee, ratiba imebadilika. Chai haikutoka katika nyumba yake, nami sikumwambia aitoe. Asubuhi mkwewe hunywa uji na maziwa, mchana hula na tunda. Chai huja saa kumi jioni, watu wakishatoka shambani, imemiminwa na kuachwa mezani kwanza. Mara ya mwisho nilipopita, mzee alikuwa amekaanga buni ya shamba lake mwenyewe katika kikaango cha udongo na kuitwanga, ya kwanza kunywewa katika nyumba ile tangu baba yake apande mche wa kwanza. Ilikuwa imeungua kidogo. Tulikunywa vikombe viwili kila mmoja, bila sukari.